Somo la Familia: Uzi, Sindano na Watoto Wadogo

Maandiko ya kusoma nyumbani kabla ya somo: Kutoka 35:25-26, 1 Samweli 2:18-21, Mithali 31:10-31, Matendo 9:36-43, Matendo 18:1-4.

Wapendwa katika Bwana, nawasalimu nyote: ninyi wa hapa Gasenyi, ninyi wa Kamenge na Kinama, na jamaa zetu waliopelekwa kambini, ambao gazeti hili huwafikia likiwa limekunjwa mfukoni mwa msafiri.  

Mwezi uliopita, baada ya kipindi cha akina mama, mama mmoja mwenye watoto watatu, wa mwisho akiwa bado mgongoni, alisimama akauliza kama ni dhambi kupenda kufuma kroshe. Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Mume wake alikuwa amemwambia kwamba mwanamke anayependa uzi namna ile hana nafasi ya kupenda watoto. Na mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa karibu na mlango akaongeza kwamba mkimbizi hana haja ya mapambo, afadhali atafute chakula. Niliahidi kujibu kwa maandishi, kwa sababu najua swali hili liko katika nyumba nyingi, hata zile ambazo mama hathubutu kulisema mbele ya watu.

Jibu langu fupi ni kwamba si dhambi. Lakini mtu aliyerudi nyumbani na maneno kama yale moyoni hatosheki na jibu fupi. Kwa hiyo tuende polepole.

KROSHE NI KAZI YA NAMNA GANI

Naanza na akina baba, maana wengi wetu tunakalia viti vyenye vitambaa bila kujua vilitengenezwaje. Kroshe, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita kroshia, inataka vitu viwili tu: uzi, na sindano moja fupi yenye ndoana kichwani. Haitaki meza, wala mashine, wala umeme, na kwa jinsi umeme wetu unavyokuja na kuondoka, hilo si jambo dogo. Unatengeneza kitanzi kimoja, unavuta uzi kupitia ndani yake, unapata kitanzi cha pili, na cha tatu, mpaka unapata mnyororo. Kisha unarudi juu ya mnyororo huo, mstari kwa mstari.

Kuna tofauti moja kati ya kroshe na sweta la sindano mbili ambayo nataka muishike, kwa maana somo lote linategemea hapo. Katika sindano mbili, vitanzi vyote vya mstari mzima viko wazi juu ya sindano, themanini au mia. Mtoto akichomoa sindano ile, vyote vinashuka. Katika kroshe, kwa kawaida kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu. Mtoto akilia, mama anakivuta kitanzi kile kiwe kirefu kama kidole, anachomoa sindano, anaweka kazi chini, anakwenda. Akirudi baada ya saa moja au baada ya siku tatu, anaendelea pale pale. Nimewaona akina mama wa mtaa huu wakiacha na kurudi mara kumi kabla maharage hayajaiva. Kroshe ni kazi inayokubali kukatizwa. Sijui kazi nyingine nzuri ya mikono inayomfaa zaidi mwenye watoto wadogo.

Jambo lingine: kinachofumwa kinaweza kufumuliwa. Sweta la mtoto likiwa dogo, mama anatafuta mwisho wa uzi, anavuta, na kitu kizima kinarudi kuwa uzi. Anausongesha, anaufua, anaunyosha kwa kuutundika ukiwa umelowa na kizito kidogo chini yake, na mwaka unaofuata uzi ule ule ni sweta la mdogo wake. Kitambaa cha dukani kikikatwa kimekatwa.

Hapa inafaa niseme neno juu ya historia, kwa sababu nimesikia mahubiri yakisema kwamba Dorkasi wa Yafa alikuwa akifuma kroshe. Hapana. Tusiyape Maandiko yale yasiyokuwa nayo. Wakati wa Biblia watu walisokota uzi kwa mkono, wakafuma kwa mtambo wa kusimamisha, wakashona kwa sindano. Kroshe hii tunayoijua ilienea Ulaya katika karne ya 19. Mifano ya kwanza iliyochapishwa ilitokea Uholanzi katika jarida lililoitwa Pénélopé, karibu mwaka 1823. Huku kwetu kazi za sindano za namna hii zilikuja na wamisionari na utawala wa Wabelgiji. Hapa Bujumbura penyewe, ulipokuwa bado unaitwa Usumbura, kulikuwa na nyumba ya mafunzo ya wanawake wa mjini iliyoitwa Foyer Social, iliyofanya kazi tangu 1946 hadi 1960. Walifundishwa kushona, kupika, kutunza nyumba na kulea watoto kwa namna ya Kizungu.

Mimi naona urithi ule una pande mbili. Kulikuwa na dharau ndani yake, kana kwamba bibi zetu hawakujua kulea mpaka walipofundishwa kutandika meza. Lakini mikono ya bibi zetu ilichukua ujuzi ikaacha dharau. Vitambaa vinavyofumwa leo Gasenyi vina maua ambayo hakuna Mbelgiji aliyeyafundisha.

WATU WA HEMA WALIOSOKOTA UZI

Kwa yule mzee aliyesema mkimbizi hana haja ya mapambo, namwomba kwa heshima asome Kutoka 35. Wale wanawake wanaotajwa pale, waliosokota uzi wa rangi ya samawati, zambarau na nyekundu, na nywele za mbuzi, walikuwa wapi? Walikuwa jangwani. Walikuwa wametoka Misri kwa haraka, unga haujatiwa chachu. Walikuwa wakiishi katika mahema na kupokea chakula chao kila asubuhi kwa kipimo. Sisi tunaopanga foleni ya mgao tunaelewa neno kipimo. Na katika hali hiyo Mungu hakuwaambia wasubiri mpaka wafike Kanaani ndipo watengeneze kitu kizuri. Aliomba rangi. Zaidi ya hayo, mwisho wa sura ile panasemwa kwamba aliwapa mafundi moyo wa kufundisha wengine.

Mtu akifika hapa akiwa na mfuko mmoja na watoto wawili, kitu cha kwanza anachopoteza baada ya nyumba ni hali ya kuamua jambo. Siku ya kuandikishwa inaamuliwa na wengine. Mahali pa kulala panaamuliwa na wengine. Mwaka 2025, ndugu zetu waliovuka Ruzizi baada ya Bukavu kutekwa walilala uwanja wa mpira wa Rugombo, kisha wengi wakapelekwa Musenyi mkoani Rutana; hawakuulizwa wanapenda wapi. Lakini mama akishika uzi, yeye ndiye anayeamua kama ua litakuwa jekundu au la njano. Msimcheke kwa hilo. Watoto wake wanamwona akiamua.

NENO ALILOSEMA YULE BABA

Sikumsikiliza mke peke yake. Nilikwenda nyumbani kwao, tukakaa, nikamwuliza baba yule kwa nini alisema maneno makali. Akanieleza kwamba jioni moja mtoto wa pili, mwenye miaka minne, alimwita mama yake mara tatu, na mama hakuitika. Alikuwa anahesabu vitanzi. Mtoto akaacha kuita, akaenda kukaa peke yake kwenye kizingiti. Baba aliona lile likamwuma.

Ndugu, hapo baba alikuwa na haki ya kuumia. Mfumaji yeyote atakwambia kwamba akifika vitanzi sitini na tatu hataki kusemeshwa. Nilipeleka shida hii kwa mama mmoja mzee, fundi wa miaka mingi, na dawa aliyonipa ni ndogo sana. Chukua vipande vifupi vya uzi wa rangi nyingine. Kila ukifika vitanzi kumi, tia kipande kimoja. Mtoto akiita, itika mara moja. Ukirudi utahesabu vipande, hutaanza upya. Mama wa watoto watatu amefanya hivyo tangu siku ile. Mume wake ndiye anayekata vile vipande.

Nawaambia akina mama wote wenye watoto chini ya miaka mitano: kitanzi kinaweza kungoja, ndivyo kroshe ilivyoumbwa. Ukiona mkono wako haukubali kukiacha, funga uzi kwa siku mbili. Na kwa akina baba nasema: kabla hujalaumu uzi, tazama mama huyo amekaa kimya kwa muda gani tangu asubuhi. Amechota maji, amepika, amefua, ameosha watoto, amebembeleza. Pengine dakika zile ishirini za uzi ndizo pekee katika siku nzima ambazo kitu alichokifanya hakiliwi wala hakichafuliwi kabla ya usiku.

WATOTO WANAWEZA KUFANYA NINI

Mtoto mdogo hapendi kufukuzwa karibu na kazi ya mama yake. Akifukuzwa atarudi na kuvuta uzi. Afadhali apewe kazi. Mwenye miaka miwili anaweza kushika kibonge cha uzi na kukibingirisha kwa mama, lakini akiwa mbele ya macho yako. Mwenye mitatu au minne anaweza kutenga rangi, nyekundu huku na nyeupe huku. Wa miaka mitano au sita afundishwe kufuma mnyororo kwa vidole vyake bila sindano; atatengeneza kamba ndefu kutoka mlangoni mpaka kwa jirani na kujisifu siku nzima. Sindano yenyewe ingoje mpaka miaka saba au minane, mtoto akiisha kuweza kukaa.

Nasema mtoto, sisemi binti. Wavulana wafundishwe pia. Huko Yafa na Korintho wanaume walifanya kazi za uzi na ngozi bila aibu, na nitakuja kwa hilo.

Katika kufuma mtoto anajifunza hesabu bila kujua. Chukua duara la kofia. Unaanza na vitanzi 6. Mzunguko wa pili vinakuwa 12, wa tatu 18, wa nne 24, wa tano 30. Kila mzunguko unaongeza sita. Mwulize mtoto wa darasa la pili: mzunguko wa nane vitakuwa vingapi? Akikosea, duara lenyewe litamwambia, kwa sababu ukiongeza kidogo linajikunja kama bakuli, na ukizidisha linafanya mawimbi kama jani la kabichi. Wengi wa watoto wetu walipoteza mwaka mmoja au miwili ya shule njiani, kisha wakakuta hapa masomo ya Kirundi na Kifaransa. Hesabu ya uzi haina lugha ngeni.

Sasa hatari, na hapa naomba msiruke. Sindano isilale mkekani. Ichomekwe ndani ya kibonge, na kibonge kiwekwe juu. Mtoto asikimbie akiwa na sindano mkononi. Usishone vifungo wala shanga kwenye nguo ya mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Usiweke kamba ya kufunga shingoni kwa mtoto anayelala. Na jambo ambalo wengi hawalijui: ndani ya soksi na glovu za mtoto mchanga, uzi uliolegea unaweza kuzunguka kidole cha mguu au cha mkono na kukaza mpaka damu isipite. Mtoto atalia bila kunyamaza na mama atafikiri ni tumbo. Kwa hiyo geuza soksi nje ndani, ficha mwisho wa kila uzi, kata unaoning'inia. Na mtoto akilia bila sababu, mvue soksi kwanza, utazame vidole.

KANZU NDOGO YA KILA MWAKA

Tufungue 1 Samweli sura ya pili. Hana alimpeleka mwanawe Samweli Shilo akiwa bado mdogo, akarudi Rama bila yeye. Tunasoma kwamba kila mwaka alimtengenezea kanzu ndogo na kumpelekea, walipokwenda yeye na mume wake kutoa dhabihu. Kisha mstari wa 21 unasema Mungu alimjalia wana watatu na mabinti wawili zaidi.

Nimesoma sura hii tangu chuo cha Biblia, lakini nilikuja kuielewa hapa Gasenyi. Fikirini hesabu yake. Hana alikuwa anatengeneza nguo ya mtoto asiyemwona. Hakuweza kumwita aje apimwe. Ilimpasa akisie: mwaka jana mabega yalikuwa hapa, mwaka huu yatakuwa yamefika wapi? Alikuwa na watoto wengine wadogo miguuni pake wanaokua, na bila shaka aliwatazama hao ili apate kumkisia yule aliye mbali. Mtu mwingine angesema, una watano nyumbani, shughulika na hao. Yeye aliendelea na kanzu ya sita.

Kati yetu kuna mama aliyepotezana na mwanawe wakati wa kukimbia. Jina lake silitaji. Kila mwaka, karibu na mwezi ule waliopotezana, anafuma sweta la mtoto yule, akiongeza upana wa vidole viwili kwenye mwili na kimoja kwenye mikono. Ana masweta manne sasa. Watoto wake wadogo wanajua ni ya nani, na hakuna anayeruhusiwa kuyavaa. Nilimwuliza kama yanamwongezea huzuni. Akanijibu kwamba huzuni ipo hata asipofuma, lakini akifuma anamfikiria mwanawe akiwa amekua, na asipofuma anamfikiria akiwa bado na umri ule wa siku ile barabarani.

Sikuwa na mahubiri ya kuongeza.

Ila nawakumbusha wote wenye jamaa waliopotezana nao: Msalaba Mwekundu wana huduma ya kutafuta watu wa familia waliotengana kwa sababu ya vita, na huduma hiyo ni ya bure. Yeyote anayekudai fedha kwa ajili ya kazi hiyo si wao. Nendeni mkaandikishe majina, umri wa mtoto alipopotea, mahali, na alama za mwili. Mama yule ameandikisha. Akaongeza katika maelezo kwamba mtoto atakumbuka sweta la kijani.

WAJANE WA YAFA NA KOFIA ZA WATOTO WACHANGA

Dorkasi alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha nguo alizowatengenezea alipokuwa pamoja nao. Walimu wa Kigiriki husema kitenzi kilichotumika hapo chaweza kumaanisha walizionyesha mwilini mwao, yaani walikuwa wamezivaa. Mimi napenda maana hiyo. Nguo zilizokuwa zikitumika ndizo zilizokuwa ushuhuda wake.

Kwa hiyo kikundi cha akina mama kimekubaliana kwamba kila anayejua kufuma atafuma kofia moja kwa mwezi kwa ajili ya mtoto atakayezaliwa kati yetu. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili wake. Hapa bondeni wengi hudhani baridi si tatizo, lakini wale wa Musasa kule Ngozi, juu milimani, wanajua usiku wa Julai ulivyo. Hata hapa Gasenyi mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati anahitaji kofia.

Namna yake nimeandikiwa na mafundi. Tumia uzi laini wa pamba, usiochoma ngozi, uliofuliwa kwanza. Fuma duara kama nilivyoeleza, ukiongeza sita kila mzunguko, mpaka upana wake ufike karibu sentimita 11 kutoka upande hadi upande. Hapo acha kuongeza, endelea kuzunguka tu, kofia ianze kushuka, mpaka kutoka utosini hadi ukingoni iwe karibu sentimita 14. Hiyo itamtosha mtoto aliyezaliwa wakati wake. Kwa aliyewahi, punguza duara liwe sentimita 9. Usiweke ua lenye kifungo wala utepe. Asiye na rula apime kwa karatasi ya daftari la shule. Kuhusu nafasi iliyopo kati ya mistari yake, ni vizuri kuuliza mwalimu.

FEDHA YA UZI

Sasa nifike mahali penye ugomvi wa kweli. Mama wa Mithali 31 anatengeneza nguo na kuziuza. Wengi wanasoma pale na kusema, basi kroshe itatulisha. Mimi nasema polepole.

Kroshe imewahi kuokoa watu. Ireland ilipopigwa na njaa kuu, tangu 1845 hadi 1852, viazi vilioza shambani, watu karibu milioni moja wakafa na wengine kama hao wakahama nchi. Wakati huo masista katika mji wa Cork, na mke wa mchungaji mmoja huko Clones mwaka 1847, waliwafundisha wanawake kufuma kroshe ya kuuza. Nyumba moja ilifuma mawaridi, nyingine majani, mwingine kazi yake ilikuwa kuviunganisha. Watoto walifuma, hata wanaume. Fedha ile ilinunua unga, na wengine wakalipia nauli ya meli. Lakini baadaye mitindo ya mavazi ilibadilika, lesi ya mashine ikawa rahisi, na soko likafa.

Karibu nasi, kaskazini mwa Uganda, vita vya LRA viliwafukuza watu zaidi ya milioni moja na nusu wakaishi katika kambi ndani ya nchi yao. Katika miaka ya 2007 na 2008 vijana watatu wa Kimarekani, ambao walikuwa wamejifunza kroshe shuleni ili wajifumie kofia za kuchezea kwenye theluji, walikwenda Gulu na nyuzi, wakawafundisha wanawake. Likatokea shirika lililoitwa Krochet Kids. Kila mwanamke aliandika jina lake kwenye lebo ya kofia aliyofuma, ili mnunuzi ajue mkono uliofanya kazi. Angalieni kwamba wanawake wale walikuwa na mnunuzi anayengoja ng'ambo. Vivyo hivyo Warundi walioko kambi ya Mahama, Rwanda, waliosuka vikapu vikauzwa nje. Palikuwa na shirika la kuvipeleka.

Hapa Gasenyi hakuna anayetungoja ng'ambo. Tunauziana sisi kwa sisi, na viti vya Gasenyi vimekwisha kuvaa. Kila nyumba ninayoingia ina vitambaa, na kila mama anataka kuuza vitambaa. Kwa hiyo nashauri hivi. Usikope kwa ajili ya uzi, hata ukipewa mkopo kwa tabasamu. Usinunue uzi kwa fedha ya maziwa wala ya dawa. Shika daftari, andika uzi ulinunua kwa kiasi gani na saa ulizotumia. Ukifuma saa moja kila siku kwa wiki sita, umetumia saa 42. Gawanya faida kwa saa hizo, uone. Wengi wakipiga hesabu hiyo wataona kwamba vitambaa vikubwa vya viti havilipi, na vitu vidogo vinalipa zaidi: kofia na soksi za watoto wachanga, kurekebisha masweta ya shule yaliyotoboka viwiko, kuongeza ukingo kwenye nguo iliyokuwa fupi. Na kama baada ya hesabu unaona hupati kitu lakini bado unapenda kufuma, basi fuma uzi uliofumuliwa, kwa furaha yako, na usimdanganye mumeo kwamba ni biashara.

AKILA NA PRISILA

Katika Matendo 18 tunakutana na mume na mke wakimbizi. Klaudio alikuwa ameamuru Wayahudi waondoke Rumi, wengi hukadiria ni mwaka 49, nao wakafika Korintho. Kazi yao ilikuwa kutengeneza mahema, na Paulo akakaa kwao akafanya kazi nao. Biblia haisemi Prisila alikuwa akimsaidia mume wake. Inasema kazi ilikuwa yao. Baadaye kanisa lilikutana nyumbani mwao. Nadhani waumini wale walikaa juu ya vitambaa vya mahema vilivyokuwa havijaisha.

Wababa, wengi wetu tulikuwa walimu, wachuuzi, wafugaji. Hapa tunakaa mlangoni tukitazama barabara. Sisemi kila baba ashike sindano, ingawa vijana wale wa Marekani hawakuona aibu. Nasema tushike watoto. Kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, mchukue yule wa miaka miwili na yule wa minne, utembee nao, uwaonyeshe ziwa lile pale chini na milima ya Kongo ng'ambo yake, uwaambie majina ya mahali mlikotoka. Mama abaki na uzi wake. Ukimrudisha mtoto mchafu, mwoshe wewe.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

Yajibiwe na mume na mke wakiwa pamoja. Wajane na walio peke yao wajibu katika kikundi cha akina mama.

Katika nyumba yenu, ni saa gani ya siku ambayo mama anakaa bila kuitwa? Kama haipo, ni nani atakayeilinda?

Hana alikuwa na watoto watano nyumbani na mmoja mbali. Je, watoto wenu wadogo wanajua majina ya jamaa walio mbali? Ni kitu gani nyumbani kinachowakumbusha?

Ni kazi gani ya mikono ambayo mama au bibi yako alikufundisha, na bado hujamfundisha mtoto yeyote?

Mara ya mwisho uzi uliponunuliwa, fedha ilitoka wapi? Mlizungumza kabla au baada?

Wanaotaka kufuma kofia waje Alhamisi saa tisa, waje na watoto wao. Uzi mweupe upo kidogo. Mwenye sweta kuukuu la kufumuliwa alilete likiwa limefuliwa.